Kidole Kikikataa: Jinsi Mpiga Kura Anavyotambuliwa Voi

Mpiga kura wa Kasigau au Sagalla, katika eneo bunge la Voi, kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya, hatambuliwi kwa picha ya kwenye kitambulisho peke yake. Karani humtaka aweke kidole kwenye mashine ya KIEMS. Alama zikioana na zile za siku ya kujiandikisha, jina na sura yake hutokea kwenye kioo, naye hupewa karatasi sita za kura. Hapo mtandao hauhitajiki, kwa kuwa sajili ya kituo imo ndani ya mashine. Unahitajika baadaye, wakati wa kutuma matokeo.

Tatizo ni kidole chenyewe. Kazi za sulubu husugua ngozi hadi mistari ikafifia, na Taita Taveta ni kaunti ya mashamba ya katani na migodi ya vito.

Mwaka 2013 mashine nyingi nchini zilizima au kuishiwa chaji, watu wakapiga kura kwa sajili ya karatasi. Mwaka 2017 sheria ya uchaguzi ikaongezwa kifungu cha 44A, kinachoitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iwe na njia ya akiba. Kidole kikikataa, karani huingiza namba ya kitambulisho, taarifa za mtu huyo zikafunguka, kisha Fomu 32A hujazwa mbele ya mawakala wa wagombea. Mashine ikifa kabisa, hufunguliwa sajili iliyochapishwa. Ndivyo ilivyokuwa Agosti 2022 katika sehemu za Makueni, jirani ya Taita Taveta, na za Kakamega. Mahakama ya Juu ilielezwa kuwa mashine zilikwama katika vituo 235, na wapiga kura 86,889 wakaruhusiwa kupiga kura kwa njia hiyo.

Uzito wa Fomu 32A unaonekana ukiilinganisha na mlolongo wa 1988. Katika mchujo wa KANU, chama tawala cha wakati huo, wanachama walipanga foleni nyuma ya mgombea wao wakahesabiwa hadharani, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kwenda kwenye kura ya siri. Foleni ikishatawanyika, hapakuwa na karatasi ya kuhesabu upya. Chama kiliufuta utaratibu huo mwaka 1990. Fomu 32A, kinyume chake, hubaki na jina na sahihi, na inaweza kufikishwa mahakamani.

Hata hivyo, njia ya akiba humwokoa aliyekataliwa na mashine, si aliyepoteza kitambulisho. Tanzania, aliyepoteza kadi ya mpiga kura lakini yumo kwenye daftari ameruhusiwa kutumia kitambulisho cha NIDA, pasipoti au leseni ya udereva. Kenya humtaka mtu aje na hati ileile aliyojiandikishia, iwe kitambulisho cha taifa au pasipoti. Aliyejiandikisha Voi kwa kitambulisho kisha kikapotea hawezi kutoa pasipoti badala yake, wala karatasi ya kusubiria kipya haimfungulii mlango wa kituo.