Kitabu Kinachongoja Wachezaji

Kiko kitabu cha kusomwa, na kiko kitabu cha kuchezwa. Cha kwanza hutimia mkononi mwa msomaji mmoja. Cha pili hakitimii mpaka watu wakae pamoja na kukitia pumzi. Katika fungu hili la pili zimo safari za kubuni zilizotungwa kwa ajili ya michezo kama Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja husimamia mchezo na kueleza mahali. Wenziwe hujivika nafsi za mashujaa na kuamua watakalotenda, na penye shaka hutupwa dadu. Je, katika safari hizo, iliyo bora hujulikana kwa nini?

Wengi watajibu kwamba ni kwa uzuri wa hadithi. Jibu hilo lina kasoro. Hadithi iliyokwisha kupangwa tangu mwanzo hata mwisho humfanya mchezaji kuwa mzigo: hufika, lakini si kwa miguu yake. The Keep on the Borderlands, aliyoitunga Gygax ikatoka mwishoni mwa mwaka 1979, haina hadithi ya namna hiyo. Ina ngome mpakani, na korongo lenye mapango wanamokaa viumbe wa kutisha, kundi na kundi, wenye uhasama wao kwa wao. Wachezaji waweza kupigana, kunyemelea, au kuwagombanisha adui zao. Pango moja limeachwa tupu makusudi, msimamizi alijaze mwenyewe. Lugha yake ni kavu, na wakazi wa ngome hawakupewa hata majina. Lakini milango yake ni mingi.

Msomaji wa nyanda za kati atautambua upesi ubora huo. Katika karne ya 19, msafara uliotoka pwani kwenda Tabora ulivuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, ukaingia Ugogo, ambako watemi walidai hongo. Kiongozi aliweza kulipa, kubembeleza, kuzunguka, au kuonyesha nguvu. Na kila njia ilikuwa na gharama yake. Kiu, mtemi, na bidhaa zinazopungua vilitosha kuzaa kisa.

Kipimo hiki chaweza kuelekezwa pia kwa mwana wa Ugogo, Mathias Mnyampala (1917–1969), ambaye Ngonjera za UKUTA zilianza kuchapwa mwaka 1970, baada ya kufa kwake. Hizo nazo zilitungwa zichezwe. Mara nyingi asiyejua na ajuaye hujibizana kwa beti, kisha huafikiana. Umbo hilo lilifaa kueneza siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Lakini mjinga wa ngonjera hana ruhusa ya kushinda. Mchezo wa vitendawili una uhuru zaidi: aliyeshindwa kutegua hutoa mji, na mtegaji aweza kuukataa akadai mwingine.

Si kwamba ngonjera ni duni. Mwalimu ana haki ya kujua somo lake litakapoishia. Wa kulaumiwa ni mtungaji wa safari anayejidai kumpa mchezaji uhuru, hali amekwisha kumzibia njia zote ila moja. Safari bora hutoa mahali panapoaminika, haja kali, na matokeo ya haki. Kisha mtungaji hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu, maana kila mtungaji huipenda sauti yake.