Saa Mbili za Bamvua: Mbinu ya Mvuvi wa Pweza Mnazi Bay

Ukimwambia mama wa Msimbati, kwenye ghuba ya Mnazi Bay huko Mtwara, aongeze saa za kazi ili afikie malengo yake, atakuuliza bahari ya wapi hiyo. Pweza wa kuvuliwa kwa miguu anapatikana mwamba ukiwa wazi, nao huwa wazi vizuri siku za bamvua tu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Pwani hii maji ya bamvua hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, mpaka maji mafu yafunge kazi. Mwenye bidii na mvivu wanagawiwa muda uleule, saa mbili, zikizidi sana tatu. Hata hivyo wapo wanaotoka na kilo nyingi kuliko wenzao, bamvua kwa bamvua, na kwa pesa hiyo wanapata bati au ada bila kungoja msimu wa korosho. Wanafanyaje?

Kwanza, hawatafuti, wanakagua. Pweza wa mwambani hukaa pangoni, na mlangoni huacha magamba ya kaa na makombe aliyokula, mara nyingine na vijiwe alivyojizibia. Akishatolewa, pango zuri huingiwa na mwingine. Kwa hiyo mvuvi mzoefu ana ramani kichwani. Anashuka akiyafuata maji yanayotoka, anakagua mapango ya njia moja hadi ukingo wa mwamba, na maji yanapogeuka anarudi kwa njia nyingine. Mgeni anazunguka palepale, jua linamuunguza, kapu jepesi.

Pili ni mkono. Kijiti kinachezeshwa mlangoni taratibu. Pweza akikishika amejitaja mwenyewe. Kazi hii inataka subira, na hapa ndipo wengi wanashindwa. Anayechukua nondo na kuvunja jiwe humpata pweza upesi, lakini amebomoa nyumba ambayo bamvua lijalo ingekuwa na mpangaji mpya. Ukimwona anatoa jasho jingi unaweza kudhani ndiye mchapakazi kuliko wote.

Njia ya mkato Mnazi Bay inaijua vizuri. Watafiti Guard na Masaiganah waliripoti milipuko ya baruti 441 katika ghuba hii kati ya Oktoba na Novemba 1996. Mwamba uliolipuliwa hauna mapango ya kukagua. Hifadhi ya bahari ya ghuba na maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650, ilianzishwa baada ya hapo, mwaka 2000.

Mbinu ya tatu ndiyo ngumu: kumwacha. Pweza huyu anaishi mwaka mmoja, au mwaka na nusu hivi, na hukua kwa kasi ya ajabu. Wa nusu kilo anaweza kufika kilo nzima au zaidi katika mwezi mmoja hadi miwili. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai pangoni bila kula, kisha hufa. Kanuni za Uvuvi za 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, lakini sheria kando, hesabu peke yake inatosha: mdogo aliyeachwa leo ni kilo ya bamvua la tatu au la nne.

Ila atakuwa kilo ya nani? Nimwachapo mimi, jirani anapita nyuma yangu na kijiti chake. Juhudi ya mtu mmoja inaishia hapo, na sijaona semina ya malengo binafsi yenye jibu. Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004 walijibu kwa kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa. Kisiwa Panza, Pemba, nako wamefunga na kufungua kwa zamu. Wakifungua, wanakuta pweza wakubwa.

Tatizo linabaki siku ya kufungua. Wanaume wenye miwani na mitumbwi huwahi kina kirefu na kurudi juu, wakati mama wa miguu anangoja maji yapwe. Aliyevumilia miezi yote anaweza kukuta mapango matupu. Mahali popote panapofikiria kufunga mwamba, Mtwara ikiwemo, ningependa kanuni ya kwanza iandikwe hivi: bamvua la kufungulia, mwamba wa miguu ni wa wenye vijiti, na wazamiaji wakae nje ya ukingo.