Mwamba Ngoma: Namna ya Kupima Makala ya Chuo cha Jamii

Makala ya kamusi elezo kuhusu chuo cha jamii (community college) siku hizi husifiwa kwa urefu wake. Ikiwa na picha ya lango, nembo, kaulimbiu na wahitimu arobaini "maarufu", inapigiwa makofi na kupewa nyota ya makala bora. Hicho ni kipeperushi kilichovishwa tanbihi. Wahitimu watano wanatosha. Na lango halimfundishi mtu kitu: ipigwe picha karakana ya uchomeleaji, maana kazi ya chuo iko humo.

Ubora hujulikana kwenye sentensi ambayo wengi huipita mbio, ile ya idadi ya wanafunzi. Mwanagenzi huandika kwamba chuo kina wanafunzi elfu kadhaa, akabandika tanbihi, akaenda zake. Wanafunzi gani, wa mwaka gani? Katika chuo cha jamii cha Marekani, darasa moja lina mama anayechukua somo la uhasibu jioni akitoka kazini, na kijana wa muda wote, yaani mwenye krediti 12 au zaidi kwa muhula kwa hesabu za serikali kuu. Ukihesabu vichwa, hao ni wawili sawasawa. Ukijumlisha krediti na kugawa kwa 15, akina mama watano wa krediti tatu tatu wanakuwa mwanafunzi mmoja. Tena iko hesabu ya muhula wa vuli, na iko ya mwaka mzima inayomzoa kila aliyepita, na wapo wa kozi zisizo na krediti, ambao ripoti hii huwahesabu na ile huwaacha. Kwa hiyo chuo kimoja, mwaka uleule, kinaweza kuonekana kidogo au kikubwa ajabu bila mtu yeyote kusema uongo. Anayekitangaza chuo atapenda vichwa vya mwaka mzima. Fundi hutaja aina ya hesabu, muhula na mwaka ndani ya sentensi yenyewe. Ukikuta "kwa sasa" isiyo na mwaka, funga ukurasa.

Neno "cha kwanza" nalo lina mtego huohuo. Joliet Junior College ya Illinois ilianza mwaka 1901 na wanafunzi sita, kwa juhudi za J. Stanley Brown, aliyesimamia shule ya sekondari ya mji wa Joliet, na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Huhesabiwa kuwa chuo cha jamii cha umma kikongwe kuliko vyote Marekani. Ukiondoa "cha umma", dai linayumba, kwa sababu vyuo binafsi vya miaka miwili vilitangulia. Mwenye pupa hulikata neno hilo ili sentensi iwe nyepesi, kumbe amekata nguzo.

Watakuwapo wa kusema kwamba hakuna anayekijua chuo kuliko chuo chenyewe. Ni kweli, lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Tovuti ya chuo inafaa kwa anwani na jina la mkuu wake. Sifa zitoke kwingine, na huko kwingine nako kuchunguzwe. Mwezi Februari 2009, mtu alichomeka "Wilhelm" katika mlolongo wa majina ya Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri mpya wa uchumi wa Ujerumani, kwenye Wikipedia ya Kijerumani. Magazeti yakanakili, kisha nakala hizo zikageuzwa ushahidi wa jina lilelile. Tanbihi zilikuwapo, ila kisima kilikuwa kimoja. Wengine watateta kwamba chuo kidogo hakijaandikwa na mtu. Kina ripoti za ithibati, kumbukumbu za vikao vya bodi, hesabu zilizokaguliwa na gazeti la mji. Visipotosha, makala na iwe mbegu, yaani makala fupi inayongoja kukuzwa. Mbegu safi haimdanganyi mtu.

Toleo la 1911 la kamusi elezo ya Britannica lilitiwa herufi za kwanza za majina ya waandishi mwisho wa makala, na mtu aliyeweka herufi zake aliogopa aibu. Leo, kwenye Wikipedia, historia ya uhariri huhifadhi mabadiliko pamoja na aliyeyafanya, lakini anayetoa nyota haifungui. Aifungue, atazame ni nani aliyeweka ile idadi ya wanafunzi na ameitoa wapi, kisha ndipo ahesabu picha.