Mama katika Filamu za Osgood Perkins

Ni rahisi kumhakiki Osgood Perkins, mwelekezi wa filamu za kutisha wa Marekani, kwa kutaja nasaba yake tu. Babu yake, aliyeitwa jina hilo hilo, alikuwa mwigizaji; babake, Anthony Perkins, alimwigiza Norman Bates katika Psycho (1960); na mwana mwenyewe akawa Bates mdogo katika Psycho II (1983). Nasaba hiyo, hata hivyo, haielezi jinsi alivyomgeuza mhusika mama. Katika Psycho mama ni maiti anayesingiziwa mauaji aliyoyatenda mwanawe. Katika Longlegs (2024) mama yu hai, naye hukubali kumtumikia muuaji ili bintiye asife. Mapenzi ya mzazi ndiyo chimbuko la hofu yetu. The Monkey (2025), pamoja na vifo vyake vya kuchekesha, haikufikia kina hicho.