ALAT 34: nzuri kwa mashine, si kwa ini

Tuseme mama mmoja wa Kalemie, anayeishi na homa ya ini aina ya B, amepewa karatasi ya labo: ALAT 34. Pembeni pamechapwa kikomo, 40, naye anaambiwa yuko salama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Machi 2024 haukubaliani: kikomo cha mwanamke ni 19, cha mwanamume 30.

ALAT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini. Seli ikiumia, ALAT huvujia kwenye damu. Inaonyesha seli zinaumia sasa. Haisemi nani anaziumiza, wala haihesabu makovu ya zamani. Mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, anaweza kuwa na ALAT ya kawaida kabisa. Hupanda na kushuka pia, ndiyo maana mwongozo unataka ionekane imevuka kikomo katika vipimo viwili ndani ya miezi 6 hadi 12. Pale ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakipatikani, hilo pekee linatosha kuanza dawa. Kwa miji iliyo mbali na maabara kubwa, naona huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika mwongozo huo.

Makovu hutafutwa kwa hesabu iitwayo APRI: ASAT, kimeng'enya kingine kinachopimwa kwenye damu, igawanywe kwa kikomo chake, izidishwe mara 100, kisha igawanywe kwa chembe sahani za damu (kwa maelfu). Mwaka 2015 sirosisi ilitajwa APRI ikizidi 2. Takwimu za Afrika zikaonyesha wagonjwa wengi wanaachwa nje. Sasa ni 1, na ikizidi 0.5 dawa inaanzishwa bila kujali ALAT.

Ila Kalemie na kwingine kando ya Ziwa Tanganyika hesabu hii ina mtego. Malaria hushusha chembe sahani na inaweza kupandisha ASAT; kichocho cha tumbo huvimbisha bandama, nayo huzimeza chembe hizo. Chukua mvuvi mwenye homa: ASAT 64, kikomo 40, chembe sahani 120. APRI ni 1.33, yaani sirosisi. Malaria ikishatibiwa, ASAT ni 32, chembe 240: APRI 0.33. Ini ni lile lile. Kwa hiyo malaria itibiwe kwanza, kichocho kichunguzwe, ndipo damu ipimwe tena.

Na wewe unayemeza tenofovir, dawa ya homa ya ini aina ya B, usiache kwa sababu namba zimeshuka. Virusi vinaweza kurudi kwa nguvu na kuliumiza ini vibaya. Beba karatasi zote za labo, hata zile za zamani, kila unapokwenda kwa daktari.