Neno "Broad" na Visawe Vyake vya Kiswahili

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo wanafunzi wetu huyafasiri bila ya kufungua kamusi ni "broad". Wote hulijua kuwa ni -pana, na kwa mto, njia, kifua na mabega hawakosei. Lakini Mwingereza hulitumia pia kwa mchana, nasi twasema mchana kweupe. Hulitumia kwa matamshi yanayomfichua msemaji jimbo atokalo, nasi twasema lafudhi nzito. Hulitumia kwa dokezo lisilojificha, na hata kwa aina moja ya maharage. Wanafonetiki, tangu Henry Sweet na kitabu chake cha mwaka 1877, huliita hivyo andiko la sauti lisilojali tofauti ndogo ndogo. Katika hayo kosa la mfasiri huonekana upesi: akiandika "mchana mpana", hata mtoto atacheka.

Kosa lisilochekesha ndilo la kuogopwa. Mwingereza asemapo "in broad terms", ataja mambo makubwa tu na kuyaacha madogo. Kiswahili nacho kina msemo wa upana: kwa mapana na marefu. Walakini aelezaye jambo kwa mapana na marefu hakuacha kitu. Ameliingia kila pembe. Tuseme basi mkataba wa Kiingereza waeleza kwamba pande mbili zimekubaliana "in broad terms", na mfasiri akaandika kuwa "zimekubaliana kwa mapana". Msomaji wa Kiswahili atashika kwamba hakuna lililobaki kujadiliwa, na hali mengi yamebaki. Sarufi ni safi, kwa hiyo mhariri ataipitisha. Hapo palitakiwa "kwa jumla", basi.

Waandishi wa kamusi wana sehemu yao ya lawama. Desturi ya kupanga visawe kwa mkato, -pana, -a jumla, wazi, kana kwamba ni ndugu wa baba mmoja, haimwambii mtafutaji kipi huandamana na nomino ipi. Nomino moja tu mbele ya kila kisawe ingalitosha.

Huenda nikajibiwa kwamba "maana pana" imekwisha kuzoewa katika maandishi ya kitaaluma. Sikatai: maana pana ni ile ikusanyayo mengi, na upana hapo ungali upana. Bali "kwa mapana" kwa kusudi la "bila ya kuingia ndani" ni kukipindua Kiswahili, na mhariri hana budi kuifuta.