Chogo, flati na pedi ya zamani

Pale Kakuma 1, kwenye kibanda tunachochezea Tekken 5, mwenye kibanda alileta TV ya flati kubwa kama mlango. Ile ya chogo ikasukumwa pembeni, juu yake pakawekwa thamosi ya chai. Tulipiga makofi wote, hata mimi. Wiki haikuisha nikawa kichekesho. Nakinga, kumbe nishapigwa. Kijana aliyeanza kucheza juzi tu akaniambia, "Yaya, mikono imezeeka." Nikamwamini. Nikanunua maneti mpya (wenzetu wa hapa husema pedi), pesa ya mboga hiyo, na bado nikapigwa.

Ushauri unaozunguka kambini ni uleule: nunua pedi ya bei, au tafuta ile stiki ya kuweka mapajani kama Wajapani. Mimi naona ushauri huo unaanzia mkiani. Mwaka 2014 Mfaransa Luffy alishinda Evo kule Marekani, kwenye Street Fighter IV, mkononi ana pedi ya PlayStation ya kwanza. Zile zile zinazolala kwenye maboksi ya mafundi wetu! Pedi ikague hivi: bonyeza chini na mbele kwa pamoja, mara ishirini. Kama mpira wa ndani umelika, kona hiyo inakosa, na ngumi ya umeme ya Kazuya usahau. Basi.

Kesi yenyewe ni skrini. Tekken inakwenda fremu 60 kwa sekunde, na ngumi za haraka zinafika kwenye fremu ya 10 hivi. PS2 inatoa picha ya mtindo wa zamani, na chogo inaichora pale pale inapoingia. Flati inaipokea kwanza, inaiunganisha, inaikuza, ndipo inakuonyesha. Ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, fremu 6 zimeshakwenda. Unakinga ngumi iliyokwisha kufika usoni. Mtasema wachezaji wote wawili wanachelewa sawa. Ndiyo, lakini anayeumia ni yule anayesubiri na kujibu. Anayebonyeza ovyo hata hasikii tofauti. Kumbe ndiyo maana kijana yule alipanda ghafla hivyo!

Mwenye PS4 asikimbilie chogo, maana mashine ile inatoa HDMI tu. Yeye atafute flati ya kawaida, aingie kwenye menyu, awashe hali ya gemu.

Nilimwomba mwenye kibanda arudishe chogo. Akakataa: watu wa mpira wanataka ukubwa, na chogo inakula umeme. Hapo simlaumu sana, jenereta analipia yeye. Mwishowe tukapatana, asubuhi chogo, jioni flati. Thamosi imehamia chini ya benchi. Kijana bado ananipiga, lakini siku hizi inambidi atoke jasho, na juzi ameniuliza ile pedi yangu mpya nauza bei gani.